Alama ya pasi kwenye buibui, na umanjano kwenye kanzu

Swali: Asalaam aleikum. Naishi Kisauni na familia ya watu sita, na kazi ya kupiga pasi ni yangu. Juzi nilipiga pasi buibui jipya, likabaki na alama inayong'ara mgongoni, yenye umbo la pasi kabisa, na haikutoka hata baada ya kulifua. Kanzu nyeupe ya mume wangu nayo inageuka manjano shingoni na kwapani kila nikiipiga pasi, ingawa haijaungua. Pasi yenyewe ni ya mvuke, na siku hizi inatema maji ya rangi ya kutu. Zaidi ya hayo, tokeni za umeme zinakwisha haraka. Nifanye nini ili kila nguo ipate joto lake bila kuharibika na bila kupoteza umeme?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Nimefanya kazi ya udobi hapa Mombasa kwa miaka mingi, na nguo nyingi zilizoletwa kwangu zikiwa zimeharibiwa na pasi hazikuharibiwa na mtu mzembe. Ziliharibiwa na watu waangalifu waliozoea kuiweka pasi kwenye joto moja na kupitisha hapo kanzu, buibui, leso na sare za watoto, kana kwamba zote zimefumwa kwa uzi mmoja. Ukishajua uzi wa nguo uliyoishika, karibu kila kitu kingine kitafuata chenyewe, na kwa sababu hiyo nitaanzia hapo kabla ya kuligusa buibui lako.

Pasi hainyooshi nguo kwa joto peke yake. Pamba, kitani na rayoni ni nyuzi zitokanazo na mimea, na ndani yake kuna vishikizo vidogo mno vinavyoushikilia uzi katika umbo ulilokauka nalo. Maji yakiingia, vishikizo hivyo huachia. Uzito wa pasi huulaza uzi. Na joto linapoufukuza unyevu, vishikizo hujifunga upya katika umbo hilo jipya. Ndiyo maana shati la pamba lililokauka kupita kiasi juani hukataa kunyooka hata kwa pasi kali, na mtu huongeza joto pale ambapo alihitaji kuongeza maji. Poliesta ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, haina haja kubwa ya maji, na huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi, yaani kabla hata ya joto la maji yanayochemka. Nailoni ya aina iliyoenea huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi, na uso wa pasi iliyowekwa kwenye joto la juu kabisa hauko mbali na hapo. Kwa hiyo pamba iliyozidiwa na joto huungua kama karatasi, ikianza na rangi ya chai na kuishia na rangi ya kahawa, lakini poliesta iliyozidiwa hulala bapa na kung'ara, kisha huyeyuka.

Hilo la kulala bapa ndilo lililolipata buibui lako. Mabuibui mengi yanayouzwa sasa ni ya poliesta, hata yale laini yanayoteleza mkononi kama hariri. Uzi wake ukiwa mzima una mviringo, na mwanga ukiuangukia hutawanyika kila upande, hivyo weusi unaonekana mtulivu. Pasi ya moto ilipotua mgongoni, mviringo ule ulibanwa ukawa bapa, na sasa nyuzi zote za sehemu ile zinarudisha mwanga upande mmoja kama kioo. Si uchafu, na ndiyo maana sabuni haikusaidia.

Pitisha ncha ya kidole juu ya alama hiyo ukiwa umefumba macho. Kama panahisika laini sawa na pembeni, huenda nyuzi zimelazwa tu. Tandika buibui juu ya taulo, upande wa nje ukiangalia juu, weka kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kikakamuliwa, kisha ishike pasi juu yake bila kuigusisha, nafasi ya kama sentimita moja, ili mvuke wa kitambaa upenye chini. Ondoa kitambaa na usugue taratibu kwa brashi laini ya nguo kinyume cha mwelekeo wa nyuzi. Rudia mara tatu au nne, na ng'aro inaweza kupungua sana. Lakini kama kidole kinakutana na ugumu, mfano wa mfuko wa nailoni uliokaribia moto, basi uzi umeyeyuka na hakuna dobi atakayeurudisha, hata akikuahidi. Hapo mpelekee fundi wa cherehani apafunike kwa darizi au kipande cha urembo.

Tangu leo, lipige pasi buibui likiwa limegeuzwa ndani nje, kwa joto la chini, huku kitambaa chembamba cha pamba kikiwa kati ya pasi na buibui. Leso iliyochakaa inafaa sana kwa kazi hiyo, mradi iwe imefuliwa mara nyingi na rangi yake haitoki tena. Lililo na mawe ya urembo lihadhari zaidi, kwa kuwa mawe mengi hubandikwa kwa gundi inayoshika kwa joto, na gundi iliyoshikishwa kwa joto huachia kwa joto vilevile. Pasi isipite juu yake hata kwa upande wa ndani. Zunguka kando kwa ncha. Na ikiwa mikunjo ni michache, usipige pasi kabisa. Lining'inize bafuni jioni wakati watu wanaoga kwa maji ya moto, kwani mvuke na uzito wa kitambaa chenyewe vitainyoosha mikunjo hiyo usiku kucha.

Utaujuaje uzi? Lebo ndiyo ya kwanza kutazamwa. Humo mna picha ya pasi yenye nukta ndani yake: nukta moja ina maana ya joto lisilozidi nyuzi 110, nukta mbili 150, na nukta tatu 200. Pasi iliyokatwa kwa alama ya msalaba ina maana kwamba nguo hiyo haipigwi pasi, na ikiwa mistari ya mvuke iliyo chini ya pasi ndiyo iliyokatwa, basi ni mvuke uliokatazwa. Nukta hizo hizo huonekana kwenye gurudumu la joto la pasi nyingi, kwa hiyo kazi inakuwa ya kulinganisha tu. Hata hivyo, nguo za mitumba kutoka Kongowea mara nyingi huwa zimekatwa lebo, na mabuibui na madera yaliyoshonwa na fundi hayana lebo tangu mwanzo.

Aliyenifundisha kazi alinikalisha wiki tatu nikichambua nguo kabla hajaniruhusu kushika pasi. Alikuwa akikamata pembe ya nguo, anaifinya ndani ya ngumi, anahesabu hadi kumi, kisha anafungua kiganja polepole. Pamba na rayoni hubaki zimejikunyata kama karatasi iliyotupwa. Poliesta hujifungua yenyewe mbele ya macho yako. Sufu nayo hujinyoosha, lakini huwa na ujotojoto mkononi ambao poliesta haina. Akibaki na shaka, alichomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, akaushika kwa kibanio juu ya kisahani na kuuwashia kiberiti. Uzi wa pamba uliwaka kwa haraka ukanuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Wa poliesta ulijikunja ukaukimbia moto, ukayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Wa hariri au sufu ulinuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi lilisagika kwa vidole. Uzi uliochanganywa huonyesha tabia zote mbili, na nguo ya namna hiyo hupewa joto la ule ulio dhaifu zaidi. Ukifanya jaribio hili, lifanyie karibu na sinki, na watoto wawe mbali.

Sasa nije kwenye kanzu, kwa sababu hapa pasi inalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Njano ya kuungua hukaa mahali pasi ilipotua na mara nyingi ina ukingo unaoonekana. Njano yako inafuata shingo na makwapa, mahali pa jasho, na hilo ni jambo la ufuaji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji ya visima vyetu hupita humo yakabeba chokaa hiyo, mbali na chumvi ya bahari iliyo karibu. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya aina hiyo haitoi povu zuri, bali hufanya utando mzito unaoshikamana na nguo, ule ule unaouona umezunguka ukuta wa karai baada ya kufua. Utando huo hunasa jasho na mafuta ya mwili. Nguo ikikauka huonekana nyeupe, kisha joto la pasi linaupika utando ule nao unageuka manjano, na kila pasi inayofuata inauzidisha.

Kwa hiyo usiongeze sabuni; ongeza suuza. Kama unatumia maji ya kisima au ya mkokoteni yenye chumvi, fua kwayo ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi, hata kama ni ndoo moja tu. Katika ndoo hiyo ya lita 10 tia vijiko viwili vya siki nyeupe, ambayo husaidia kuuachisha utando wa sabuni, na harufu yake huondoka nguo inapokauka. Shingo na kwapa zifikichwe kwa sabuni ya maji kabla ya kuloweka. Nakusihi pia usiipige pasi kanzu ambayo bado ina doa, liwe la jasho, chai au mchuzi, kwa matumaini kwamba litajificha, maana joto hulizamisha doa ndani ya uzi na baada ya hapo kulitoa ni kazi ya siku kadhaa. Manukato na dawa za kuzuia jasho zikauke mwilini kabla ya kuvaa.

Kanzu yenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, kwa hiyo nukta mbili zinatosha. Ipige ikiwa na unyevu kidogo. Darizi ya shingoni na kitana chake zilaze kifudifudi juu ya taulo nene na pasi ipite kwa nyuma, ili nyuzi zizame kwenye taulo na kubaki zimeinuka. Ukipitisha pasi upande wa mbele, darizi inalala na kazi ya mshonaji inapotea. Kofia ya vito isigandamizwe na pasi mpaka matundu yake yakazibana. Baada ya kutiwa wanga mwepesi, ivalishe kwenye bakuli au sufuria inayolingana na kichwa, ikauke humo, kisha pasi ya vuguvugu iguse juu na pembeni tu. Wanga mzito huganda kwenye uso wa pasi na kuacha madoa ya rangi ya chai kwenye nguo inayofuata.

Kuhusu pasi inayotema kutu, chanzo ni yale yale maji. Chokaa na chumvi hubaki ndani ya tangi kila mvuke unapotoka, huziba matundu, na hula vyuma. Pasi hutema maji pia inapowekwa kwenye joto dogo huku kitufe cha mvuke kikiwa wazi, kwani hapo maji hayapati joto la kugeuka mvuke, na matone yake huacha duara kwenye hariri na rayoni. Jaza tangi maji safi, ipandishe pasi hadi joto la juu, ichomoe kwenye soketi, kisha ishike kilalo juu ya sinki ukiwa umefungua mvuke na uitikise mbele na nyuma mpaka maji yaishe, ukijihadhari na mvuke usikuunguze mkono. Rudia mara mbili, halafu pitisha pasi kwenye kitambaa kikuukuu kabla ya kugusa nguo nzuri. Siki ndani ya tangi sikushauri bila kusoma kijitabu cha pasi yako, kwa sababu watengenezaji wengine wanaikataza, na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayafai pia. Kwa maji ya Mombasa, mimi huliacha tangi likiwa tupu na kutumia chupa ya kunyunyizia pamoja na kitambaa chenye unyevu. Pasi hudumu zaidi, na unyevu unaupeleka unapotaka wewe.

Upande wa umeme, pasi ya wati 1,200 inayovuta mfululizo humaliza yuniti moja kwa dakika 50. Hupunguzi matumizi kwa kuharakisha mkono, bali kwa mpangilio. Pasi hupanda joto upesi na hushuka polepole, kwa hiyo anza na nguo za nukta moja, upande hadi za nukta mbili, umalizie na pamba na leso. Mtu anayeanza na leso kisha akarukia buibui hupoteza dakika kadhaa akingoja pasi ipoe, na asipongoja, anapata alama kama yako. Piga pasi nguo za wiki mara moja au mbili badala ya shati moja kila asubuhi, kwani kila mara pasi inapoanza kutoka baridi kuna umeme unaolipwa kabla nguo haijaguswa. Zikibaki leso ndogo na vitambaa vya mkono, zima soketi na uvimalize kwa joto lililobaki. Na zitoe nguo za pamba kwenye kamba kabla hazijakauka kabisa. Wakati wa kaskazi jua la paa la nyumba hukausha shati likawa gumu kwa muda mfupi, nawe ukalazimika kulirudishia maji. Lianue likiwa bado na ubaridi wa unyevu kwenye mishono, ulikunje ndani ya taulo, na pasi moja itatosha. Masika kuna kishawishi cha kuzikausha nguo mbichi kwa pasi. Hilo hula umeme mwingi, na mara nyingi upindo hubaki na unyevu utakaonuka uvundo kesho yake.

Nguo nyingine nitazipitia kwa kifupi. Leso na kikoi cha pamba huvumilia nukta tatu, lakini leso mpya ifuliwe kwanza itoke wanga wa kiwandani, na upande wa chapa upigwe kwa nyuma ili rangi isififie. Dera la rayoni ni nukta mbili kwa upande wa ndani, bila kulivuta, kwa maana rayoni iliyolowa hupoteza nguvu nyingi na upindo wake hurefuka upande mmoja. Hariri ni joto la chini, ikiwa na unyevu ulioenea sawasawa, usiirushie matone. Suti ya sufu haisuguliwi: weka kitambaa chenye unyevu juu yake, shusha pasi, hesabu hadi tano, inua, sogea. Sweta za shule, ambazo nyingi ni za akriliki, usizipige pasi wala kuzipa mvuke, kwani hulegea na hazirudi tena. Zitandaze tu zikauke. Sketi ya marinda ya poliesta ina marinda yaliyopikwa kiwandani, kwa hiyo yafuate yalivyo, kwa joto la chini. Shati anza na kola, kutoka ncha kuelekea katikati, kisha mabega, mikono, na umalizie mwili.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Umeme ukipotea katikati ya kazi, chomoa pasi kwenye soketi papo hapo, kabla hata ya kutafuta taa. Watu huiacha imelala juu ya nguo, huenda zao barazani kupunga upepo, umeme unarudi hakuna mtu chumbani, na pasi inapanda joto juu ya kitambaa kwa saa nzima. Nimeona kitanda kilichotobolewa hivyo hadi kwenye godoro, na waliokuwa nyumbani walishtushwa na moshi. Usiichomeke pasi kwenye kebo ya nyongeza pamoja na birika na friji, wala kwenye kebo iliyozungushwa ikafungwa, kwa sababu hupata moto ndani ya mkunjo. Vaa ndara, usisimame kwenye sakafu mbichi, na waya uliobanduka ngozi ubadilishwe na fundi wala usifungwe kwa utepe. Anayetumia pasi ya makaa aitumie penye hewa, milango ikiwa wazi, kwani moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu.

Ukimaliza, isimamishe pasi ipoe mbali na watoto kabla ya kuzungusha waya wake. Kama kuna poliesta iliyoganda kwenye uso wake, pasha pasi kidogo na uisugue kwa kitambaa kinene cha pamba au kijiti cha mbao. Kisu kitachubua uso, na uso uliochubuka hunasa nyuzi. Nguo nazo zitundike mahali penye hewa kwa robo saa kabla ya kuziweka kabatini. Hewa ya hapa kwetu ina unyevu mwingi, na nguo inayofungiwa na mvuke wake hupata koga katika mikunjo. Kanzu ya Ijumaa ipige Alhamisi jioni na uiache kwenye kiango, nje ya kabati, hadi asubuhi.